Banda la Simbilisi Kinondoni

Binti yangu ananiita Dada. Hakuna aliyemfundisha hivyo kwa ubaya, wala hakuna aliyemficha jambo. Anajua vizuri kwamba mimi ndiye niliyemzaa. Ila amelelewa na mama yangu huko Mufindi tangu akiwa na mwaka mmoja na miezi saba. Wakati anaanza kusema, wadogo zangu walikuwa bado nyumbani, na kila nilipopiga simu walipokezana kuita, "Dada, Dada." Naye akadaka. Bibi yake ndiye akawa Mama. Watoto wa namna hiyo wapo wengi, na ukiwauliza waliowazaa watakwambia wameshazoea. Mimi sikuzoea. Kila aliponiita hivyo kwenye simu nilikuwa naitikia kwa sauti ya furaha, kisha nikikata nakaa kitandani kidogo kabla ya kuendelea na mambo mengine.

Mwaka jana, alipokuwa ametimiza miaka kumi na mmoja, mama alinipigia akasema magoti yamemchosha na mtoto anakua. Nimchukue likizo yote ya Desemba, akae kwangu Kinondoni, aone mji na anione mimi. Shule zikikaribia kufunguliwa Januari, atachagua mwenyewe abaki au arudi.

"Akitaka kubaki nitanyamaza," mama alisema. "Ila usimlazimishe."

Toka siku ile sikuwaza kingine. Nilikuwa naandika barua za ofisini, maana ndiyo kazi yangu, ukarani, huku nikimwona mtoto amevaa sare za shule ya mtaani kwetu. Nilimtaka abaki mpaka nikawa naona aibu kukitaka kitu namna ile.

Mama alikuwa ameongeza jambo moja mwishoni, kama mtu aliyekumbuka chumvi. Mtoto haji peke yake. Ana sungura mmoja na simbilisi wawili, na amesema bila wao hapandi basi.

Nikaona hapo ndipo pa kumshikia. Mtoto akiona wanyama wake wametulia, naye atatulia. Kwa hiyo sikununua kitanda kipya wala pazia. Nilitafuta ruhusa ya mama mwenye nyumba, kisha nikatafuta fundi.

Ninakaa vyumba viwili kwenye nyumba ya kupanga, yenye ua wa pamoja na mwarobaini mmoja mkubwa kwenye kona. Mama mwenye nyumba ni mtu wa Lindi, mama wa makamo asiyependa fujo. Sungura alimkubali bila neno. Simbilisi hakuwajua, ikabidi nimweleze: hawana mkia, ni wanene kuliko panya na wadogo kuliko sungura, wanakula majani, na wakisikia njaa wanapiga mluzi. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama kwa kifupi hao si panya. Nikaapa kwamba si panya. Akasema sawa, lakini siku atakayoona mkia nitahama mimi pamoja nao.

Fundi nilimpata barabara ya pili. Alikuwa Mngoni, na mimi ni Mhehe, kwa hiyo kabla hatujaongea habari ya mbao tulikuwa tumeshatukanana vya kutosha. Utani wa makabila yetu ni wa zamani, babu zao na babu zetu walipigana vita, na sisi wajukuu tumebaki na midomo. Aliniuliza kama banda ni la wanyama au ni langu nimepandishiwa kodi. Nikamwambia apime mbao aache kunipima mimi.

Nilijua ninachokitaka. Kwetu simbilisi hawajengewi banda. Wanakaa jikoni, nyumba ndogo ya matofali mabichi yenye mafiga katikati, na wao wanajificha nyuma ya kuni, karibu na moto. Mwezi Juni ukungu unashuka mpaka mlangoni na majani yanakuwa meupe kwa baridi, lakini mle ndani kuna joto zuri lenye harufu ya moshi. Mtu akishika tu kisu amenye viazi, wanatoka wote wakipiga mluzi. Nimelala mle nikiwa mtoto, nimejifunika blanketi la babu, nawasikia wakitafuna gizani. Kwenye maisha yangu yote sijapata mahali pengine nilipolala vizuri namna ile.

Basi nilimwambia fundi ajenge hivyo. Mbao pande zote, zibanane, upepo usipite. Chumba kimoja wakae wote watatu, mlango mmoja mzito, na tundu dogo juu la kutolea hewa. Juu bati. Likae ukutani, upande wa jua, wapate joto la asubuhi.

Fundi aliacha utani. Aliniambia kwa upole kwamba hapa ni Dar, na Desemba hata kuku wanatembea midomo wazi. Mnyama mwenye manyoya anataka waya na kivuli. Nikamjibu kwamba yeye anajua mbao, mimi nawajua simbilisi, nimezaliwa nao. Akatikisa kichwa akasema Mhehe akishaamua jambo, cha kufanya ni kumpisha. Alijenga nilivyosema. Lilikuwa banda zuri kwa macho. Siku lilipokamilika niliingiza kichwa ndani nikanusa zile mbao mpya, na machozi yakanilenga.

Mtoto aliletwa na mwalimu mmoja, jirani wa mama, aliyekuwa anakuja Dar kwa ndugu zake. Alishuka kwenye bajaji amekumbatia boksi lenye matundu, akaniamkia, "Shikamoo, Dada," akauliza wanalala wapi. Hakuingia hata ndani kwanza. Nilimpeleka kwenye banda, akaingiza mkono, akapapasa sakafu na kuta.

"Ni kama jikoni kwa Mama," alisema.

Nilidhani ananisifu. Nililala na furaha siku tatu.

Siku ya nne ilikuwa Jumamosi, na lile jua la saa saba liliwaka kama limetumwa. Nilikuwa nafua. Nilimsikia akiita, mara moja tu, lakini kwa sauti iliyonifanya niiache nguo chini. Alikuwa amefungua mlango wa banda. Hewa iliyotoka mle ilinipiga usoni kama nimefunua sufuria la wali. Sungura alikuwa amejilaza amenyooka kabisa, anahema haraka haraka. Simbilisi mmoja alikuwa amelowa udenda kidevuni, na yule mwingine, mnene, hakunyanyua hata kichwa tulipomgusa.

Tuliwabeba ndani tukawalaza kwenye sakafu ya saruji. Nilichukua ndoo ya maji niwamwagie. Nashukuru mama mwenye nyumba alinikamata mkono, akasema kwanza tumuulize yule dada wa duka la dawa za mifugo. Nikakimbia na kandambili zangu mpaka dukani. Dada yule alisema nisiwamwagie maji, watashtuka wafe. Niloweshe masikio ya sungura kwa kitambaa, simbilisi niwapanguse miguu, na niweke chupa ya maji ya barafu iliyofungwa nguo karibu nao. Kisha akauliza wanakaa kwenye banda la namna gani. Nilipomweleza alinitazama kama mtu aliyeambiwa mtoto amefungiwa ndani ya gari.

Nilipata maneno yangu pale. Aliniambia Dar sungura anakufa kwa joto kabla hajafa kwa njaa. Tena sungura hakai chumba kimoja na simbilisi. Teke lake moja linamvunja mwenzake mgongo. Nilirudi nyumbani mbio.

Chupa ya barafu ilitoka kwenye friji la mama mwenye nyumba, mwenyewe aliifunga kwa kipande cha kanga. Yule mama aliyekuwa anatafuta mikia alikaa sakafuni na binti yangu saa nzima, anapepea kwa ungo. Kufikia alasiri sungura alinyanyuka. Simbilisi mnene akawa wa mwisho. Alitafuna jani moja la tembele, kisha la pili, ndipo mtoto akapumua.

"Huku hakuna baridi, Dada," aliniambia. Hakuwa amekasirika. "Ulisahau?"

Sikuwa nimesahau. Nimekaa Dar miaka karibu kumi, kila Desemba nalala na feni usoni. Lakini nilipofikiria wanyama wale nilifikiria jikoni kwa mama, na nilijenga jiko lile lote, bila moto na bila mama, kwenye jua la Kinondoni. Nilikuwa nimejijengea mimi. Mtoto angeondoka siku ile ile kama wangekufa, na haki ingekuwa yake.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na fundi hakuniacha nisahau. Alikuja Jumapili baada ya ibada, akalizunguka banda mara mbili akiwa ameshika mikono nyuma, akauliza kama tunaoka mikate. Nikamwambia abomoe.

Safari hii mtoto ndiye aliyeongea na fundi. Alikuwa ameshakwenda mwenyewe kwa dada wa dukani kuuliza maswali yake, akarudi na majibu. Walihamishia banda chini ya mwarobaini, mahali ambapo kivuli hakitoki toka asubuhi mpaka jioni. Mbele na nyuma wakaweka waya wa kuku ili upepo upite moja kwa moja, mbao zikabaki ubavuni tu. Juu ya bati wakatandika makuti. Banda likainuliwa kwa miguu minne, na kila mguu ukasimama ndani ya kopo lenye maji na mafuta kidogo, sisimizi wasipande. Vyumba viwili: cha sungura kirefu kwenda juu, aweze kusimama kwa miguu ya nyuma na masikio yake, na cha simbilisi kipana zaidi. Fundi alitaka sakafu iwe ya waya, uchafu udondoke wenyewe. Mtoto akakataa, akasema nyayo za simbilisi ni laini, waya utawachana. Ikawekwa mbao, na juu yake nyasi kavu alizoanika mwenyewe. Mwisho aliomba kiboksi kidogo kila upande, cha kujificha wakiogopa. Fundi akaniuliza kwa nini hakuanza kuongea na huyu toka mwanzo.

Siku zile zilikuwa nzuri. Nikirudi kazini nilikuwa namkuta amekaa kwenye kigoda mbele ya banda na mama mwenye nyumba, wanachambua majani. Simbilisi walijifunza mlio wa mfuko wa plastiki. Ukiuchakarisha tu ukiwa getini, unasikia mluzi. Wiki moja baadaye yule mnene akazaa, kumbe unene wote ule ulikuwa mimba. Katoto kamoja, kana manyoya, macho wazi, kanatembea siku ile ile. Mama mwenye nyumba akaja kukakagua kwa nyuma. Hakukuwa na mkia. Na siku moja mtoto alisema anakwenda dukani kisha "atarudi nyumbani," akimaanisha kwangu, nami nikageuka ukutani nijifanye nafunga dirisha.

Januari ikaingia. Dada wa dukani alikagua katoto akasema ni dume, ameshafikisha wiki tatu, atengwe na majike, maana simbilisi hawajui mama wala dada na watazaliana ovyo. Nikamwita fundi agawe chumba cha simbilisi kwa ubao. Ilikuwa Jumamosi mchana. Fundi alikuja na ubao ameshaukata. Mtoto alikuwa amempakata yule dume.

"Ameshaacha kunyonya?" aliniuliza.

Nikamwambia ameshaacha, anakula majani kama wakubwa.

"Mimi niliacha lini?"

"Wiki ile niliyoondoka."

Nilijipaka shubiri siku nne. Siku ya tano nikapanda basi la alfajiri, maana nilikuwa nimepata kazi ya dukani Kariakoo na mwenye duka hangoji. Hayo sikuyasema. Alikuwa bado ananitazama.

"Nililia?"

Ningeweza kumwambia lolote. Angalau ningesema ulilia sana, kila mtu angeamini. Lakini mama alikuwa amenishauri nisimuage, nitamliza bure na mimi nitashindwa kuondoka, kwa hiyo niliutoa mkono wake shingoni kwangu taratibu, kidole kwa kidole, nikabeba begi badala yake.

"Sijui," nilisema. "Niliondoka umelala."

Fundi aliinama akaanza kutafuta chini msumari ambao haukuwa umedondoka. Mtoto alimkuna yule dume kichwani, muda mrefu.

"Basi usiweke ubao," alisema, si kwangu, alimwambia fundi. "Weka waya. Amwone."

Fundi akauweka ubao wake pembeni, akakata waya. Alipomaliza, mama wa dume alikwenda upande wa huku na mwanawe upande wa kule, wakalala wamegusana kupitia kwenye waya.

Jioni, tukiwa tunasonga ugali, nilijaribu kumweleza. Umri niliokuwa nao, kazi, chumba cha kwanza tulichokaa watu wanne Mbagala, fedha niliyokuwa natuma. Alisikiliza akisukuma kuni ambazo hazikuwepo. Napikia gesi, lakini mkono wake una mazoea ya kwa bibi yake. Nilipomaliza alisema, "Nililia siku tatu. Mama aliniambia. Nilikuwa nakutafuta nyuma ya mlango."

Kwa hiyo jibu alikuwa nalo tangu zamani. Alitaka kujua kama ninalo mimi.

Siku mbili kabla ya shule kufunguliwa nikamuuliza anaamuaje. Alisema atarudi kwa Mama, kwa sababu magoti yake hayapandi tena mlimani na kuni hazijileti. Alisema Juni atakuja tena. Sungura na majike wawili atawaacha kwangu kwa kuwa banda lao ni zuri, ila dume ataondoka naye, kule jikoni wapo majike wa ukoo mwingine. Nikasema sawa. Mwenda kwao si mtumwa, nilijiambia, na sikupata nafuu yoyote. Nilitaka kumkumbusha kwamba hata mimi nina magoti. Nilitaka kumwomba. Nikakumbuka makubaliano nikaenda kumpangia nguo.

Mwalimu alikuja kumchukua kulipokuwa kunaanza kupambazuka, ndani ya bajaji iliyojaa mizigo yake mwenyewe, nafasi imebaki ya mtoto tu. Nilitoka na begi nikamkuta mtoto amesimama mbele ya banda, boksi lenye matundu liko chini miguuni pake, tupu. Bajaji ikapiga honi. Nikamwambia amchukue dume waondoke, basi la Mafinga halimngoji mtu.

"Mama yake bado amelala," alisema.

Niliinama. Ni kweli, alikuwa amejikunja ndani ya kiboksi chake, ametugeuzia mgongo. Dume alikuwa macho upande wake, anatafuna. Mwalimu akaita kutoka getini. Nikanyoosha mkono nifungue kamlango nimtoe yule dume haraka, lakini mtoto akanishika kifundo cha mkono. Hakunishika kwa nguvu.

"Tungoje aamke, Dada."

Honi ikalia tena, ndefu. Mama mwenye nyumba akafungua dirisha lake aone kuna nini, akatuona, akalirudishia. Nilikwenda jikoni nikachukua mfuko wa matembele nikauchakarisha. Kiboksi kikatikisika. Yule simbilisi mama akatoka akipiga mluzi, akaja mpaka kwenye waya, na mwanawe akaja upande wa pili, pua kwa pua. Mtoto aliwaacha kidogo. Kisha akafungua, akamtoa dume, akamshikilia mbele ya waya ili mama yake amwone anakwenda wapi, akamweka ndani ya boksi.

Alipomaliza alinigeukia mimi. Alinitazama machoni vizuri, kama mtu anayehakikisha jambo.

"Na wewe uko macho," alisema.

Nikamwambia niko macho. Akanikumbatia kiunoni, akaokota boksi, akaingia kwenye bajaji. Nilisimama getini mpaka mlio wake ulipopotea kabisa. Nililia, tena sana, na kama siku moja ataniuliza, nitakuwa na jibu.

Banda bado lipo. Kila jioni nachakarisha mfuko nikiwa getini, na mluzi unaitika. Upande wa dume ni mtupu, na fundi akipita hunishauri nimruhusu autoe ule waya wa kati, majike wapate nafasi. Namwambia auache kwanza, shule zinafungwa Juni.